Jumamosi kwa bumu la siku mbili

Tangu mwaka wa masomo 2022/2023, mwanafunzi wa elimu ya juu Tanzania anayepata mkopo kamili wa kujikimu huhesabiwa shilingi 10,000 kwa siku kwa ajili ya chakula na malazi. Kabla ya hapo zilikuwa 8,500. Chuoni fedha hizo huitwa bumu. Kwa kuwa huingia kwa mkupuo, wiki za mwanzo huwa na raha na wiki za mwisho huwa na kukopeshana. Kwa mtu anayeishi hivyo, safari ya kutembea tu, isiyo ya msiba wala ya kwenda nyumbani, huonekana anasa. Wengi humaliza miaka mitatu au minne wakiijua njia ya kwenda darasani, njia ya kwenda Kariakoo na njia ya stendi, basi.

Makala haya yanasema kwamba hali hiyo inaweza kubadilika bila mtu kuongezewa hata shilingi moja ya mkopo, mradi hesabu ya safari ifanywe vizuri. Mfano wetu ni Dar es Salaam, kwa sababu ndiko vyuo vilikojaa: Mlimani, Ardhi, Muhimbili, DUCE Chang'ombe, IFM, CBE na DIT mjini, NIT Mabibo, na Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere kule Kigamboni. Hoja yenyewe ni fupi: kinachoifanya safari ya siku moja kuwa ghali mara nyingi si umbali. Ni kipande cha mwisho cha njia, na ni vitu vinavyokodiwa vizima. Anayelijua hilo hufika mbali kwa fedha kidogo. Asiyelijua hutumia fedha nyingi karibu na chuo chake.

Mafungu manne ya gharama

Safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo ina mafungu manne ya gharama: nauli ya gari la abiria, kipande cha kutoka kituoni hadi unakokwenda, kiingilio, na chakula.

Fungu la kwanza limewekewa ukomo na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Katika viwango vilivyoanza Desemba 2023, daladala ya mjini kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipangiwa shilingi 600, na basi la masafa la daraja la kawaida shilingi 48.47 kwa kila kilomita ya lami. Viwango hubadilika, kwa hiyo uliza kabla ya kutoka. Lakini uwiano wake unafundisha: kwenye basi la masafa, kilomita moja haifiki hata shilingi 50. Bei ya soda moja inakusogeza mbali kuliko wengi wanavyodhani.

Fungu la pili ndilo linalomeza fedha. Bajaji, bodaboda, Noah ya kukodi na boti havina ukomo wa aina hiyo. Bei hupatana watu palepale. Na hapa kuna tofauti kubwa. Nauli ya daladala ni ileile ukiwa peke yako au mkiwa kumi, hivyo kundi halikupunguzii chochote. Boti au Noah hukodiwa kizima, kwa hiyo kila anayeongezeka anapunguza mzigo wa wenzake. Kanuni inayotokana na hilo ni hii: penye gari la abiria nenda hata mkiwa wawili, penye chombo cha kukodi kusanya watu kwanza.

Fungu la tatu, kiingilio, huogopwa bila sababu. Makumbusho, magofu na hifadhi za umma hutoza raia kwa shilingi, kiasi kidogo mno kikilinganishwa na anacholipa mgeni kutoka nje. Mantiki yake ni kwamba mahali hapo ni mali ya raia na hutunzwa kwa kodi yake. Jambo la muhimu ni kuthibitisha kwamba wewe ni raia na ni mwanafunzi, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa na cha chuo. Malipo mengi ya serikali hufanyika kwa namba ya malipo kupitia simu. Ukifika na noti mfukoni na simu isiyo na chaji, unaweza kukwama getini.

Chakula ni fungu rahisi kulidhibiti. Mama ntilie wa Bagamoyo na wa Kisarawe anauza wali maharage kama wa Mabibo. Tofauti inakuja pale unapokaa kwenye meza ya hoteli ya ufukweni, ambako soda moja hugeuka bei ya sahani nzima. Jaza chupa ya maji hosteli, na uwe umeshajua utakula wapi.

Mjini penyewe

Safari ya bei ndogo kuliko zote iko Posta. Shuka Kivukoni na utembee. Kanisa la Azania Front na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu yote yalijengwa enzi za Wajerumani, yakitazama bandari. Sanamu ya Askari ilisimamishwa na Waingereza mwaka 1927. Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1893 kwa majaribio ya mimea ya biashara, bado ina miti ya enzi hizo.

Hatua chache kutoka hapo, Mtaa wa Shaaban Robert, ipo Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1940. Humo ndimo mwanafunzi anamokutana na habari za fuvu la Zinjanthropus, lililoibuliwa na Mary Leakey pale Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Mtoto wa darasa la nne Tanzania anakariri jina hilo kwa ajili ya mtihani. Kulisoma mbele ya visukuku na zana za mawe ni jambo jingine kabisa, na linagharimu daladala mbili na kiingilio cha raia. Ukirudi kwa njia ya Ali Hassan Mwinyi, shuka Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa mwaka 1967, uone nyumba za jadi za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi. Siku nzima hiyo inaweza kumalizika ndani ya bumu la siku moja, chakula kikiwemo.

Bagamoyo na Kaole

Magari ya Bagamoyo huanzia stendi ya Makumbusho. Umbali ni takriban kilomita 65, na kwa kiwango cha shilingi 48.47 nauli inakaribia shilingi 3,200. Weka daladala ya kukufikisha stendi, kwenda na kurudi: jumla ni kama shilingi 7,600. Umevuka mkoa na kurudi kabla bumu la siku moja halijaisha.

Mji wenyewe hutembelewa kwa miguu. Kuna Ngome Kongwe, kuna Boma la Wajerumani, ambao waliufanya mji huu makao yao makuu hadi mwaka 1891 walipohamia Dar es Salaam, na kuna Misheni ya Kanisa Katoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Hapo misheni ndipo mwili wa David Livingstone ulipolazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake, Chuma, Susi na wenzao, kuubeba kwa miezi mingi kutoka bara, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Vitabu vingi vilimtukuza aliyebebwa. Ukisimama pale unawafikiria waliobeba, njia yao na miguu yao. Na katika pwani hiyohiyo waliteremshwa watu waliofungwa minyororo na kubebeshwa pembe za ndovu. Mwanafunzi wa sheria, wa historia au wa maendeleo ya jamii ana la kujifunza pale ambalo halimo kwenye slaidi za mhadhiri.

Kaole iko kilomita 5 hivi kusini ya mji. Hicho ndicho kipande cha mwisho, na ndicho cha kupatana bei. Bajaji moja kwa watu watatu ni nafuu kuliko bodaboda tatu. Msipande mshikaki, ni kosa kisheria, na ajali moja hula bumu la mwaka. Wala msikate kwa miguu kupitia ufukweni wenyewe bila mwenyeji, kwa kuwa kuna sehemu zilizojitenga ambako watu wameporwa.

Ukifika utakuta misikiti miwili ya mawe ya matumbawe na chokaa, mmoja ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yaliyosimamishiwa nguzo. Sogea karibu na nguzo. Utaona mashimo ya mviringo yaliyochongwa kwenye jiwe. Humo zilipachikwa bakuli za kauri kutoka China, ziking'aa usoni mwa bahari ili kila aingiaye kwa jahazi ajue aliyelala hapo alikuwa mtu wa heshima. Kisha tazama upande wa bahari: hapaonekani bahari, pana mikoko. Mchanga na tope viliijaza bandari, mikoko ikaota, majahazi yakashindwa kufika, na shughuli zikahamia Bagamoyo. Mji mzima ulikufa kwa sababu ya tope. Mwanafunzi wa jiografia anayesoma habari za mmomonyoko na uwekaji wa mashapo anaweza kuliona somo hilo likiwa limesimama mbele yake, na makaburi ndiyo ushahidi wake.

Visiwani, mahali karibu penye bei ya mbali

Sasa tuipime hoja yetu. Kisiwa cha Mbudya kinaonekana kwa macho kutoka ufukwe wa Kunduchi. Ni kilomita chache tu za maji. Hata hivyo safari ya Mbudya inaweza kukugharimu kuliko ya Bagamoyo iliyo kilomita 65, kwa sababu hakuna daladala ya baharini. Kuna boti la kukodi.

Tuchukue mfano wa kurahisisha hesabu: boti linakodiwa kwa shilingi 100,000 kwenda na kurudi. Mkiwa 4, kila mmoja anatoa 25,000. Mkiwa 10, kila mmoja anatoa 10,000. Kisiwa ni kilekile, boti ni lilelile. Kilichobadilika ni idadi ya watu. Kwa hiyo mazungumzo na nahodha yanaanza kabla ya Jumamosi. "Kaka, boti lako linabeba wangapi kwa kibali? Tukiwa kumi unatufanyiaje? Bei hiyo ni pamoja na kuturudisha?" Maswali hayo matatu yanaokoa fedha na yanaokoa maisha. La kwanza lisiachwe kwa sababu ya kutafuta nafuu. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na Ukara Septemba 2018 kikiwa kimejaza kupita kiasi, watu zaidi ya 200 walipoteza maisha. Kugawana gharama kuna mpaka wake, na mpaka huo ni uwezo wa chombo. Kama hakuna maboya ya kuvaa kwa kila abiria, msipande.

Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari mwaka 1975. Kwa sababu hiyo kuna kiingilio, na kwa sababu hiyohiyo bado kuna matumbawe na samaki wa kuangalia karibu na jiji la mamilioni ya watu. Maji ya kunywa bebeni kutoka nyumbani, kwa kuwa kisiwani hakuna kisima cha kutegemea, na kila kinachouzwa huko kimevushwa kwa boti.

Bahari ina kalenda yake. Upepo wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, huleta mawimbi. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari hutulia zaidi. Siku za mwezi mpya na mwezi mpevu ni siku za bamvu: maji hupwa sana mnamo saa 4 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 alasiri. Atakaye kuogelea na atakaye kutembea juu ya mwamba hawafai kuchagua saa ileile. Wavuvi wanajua hayo bila kuangalia simu, waulizeni.

Kama kundi halijatimia, kuna Kigamboni. Kivuko cha Magogoni ni shilingi 200, nauli ambayo haijawahi kumzuia mwanafunzi. Ng'ambo kuna daladala za kwenda Mji Mwema na kuendelea. Angalizo moja: fukwe zilizo mbele ya hoteli mara nyingi hutoza kiingilio mwisho wa wiki, au hutaka ununue chakula kwao. Uliza getini kabla hujaketi.

Pugu na Kisarawe

Wanaosoma Mabibo, Chang'ombe au Ukonga wana msitu karibu kuliko wanavyofikiri. Panda gari la Gongo la Mboto, kisha la Kisarawe. Baada ya Pugu Kajiungeni barabara inapanda, joto linapungua, na unaingia kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Ni sehemu ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, inayojulikana duniani kwa mimea na wanyama wasiopatikana kwingine. Vilima vya Pugu vina pia mashimo ya zamani ya kaolini, udongo mweupe wa kutengenezea kauri, ambamo popo wamejaa.

Karibu yake ipo shule ya Pugu, ambako Julius Nyerere alikuwa mwalimu kabla ya kujiuzulu mwaka 1955 ili akitumikie chama cha TANU. Kwa vijana wanaojiuliza kama siasa na kazi vinaweza kwenda pamoja, ni mahali pa kutafakari.

Msitu wa Pugu umekatwa sana kwa mkaa na umemegwa kwa makazi. Ukitembea na mwongoza watalii wa hifadhi utaona mahali mti mkubwa unapoisha na kichaka kipya kinapoanza. Mkaa huo uliingia mjini kupikia watu kama sisi. Ada ndogo ya kuingia ni moja ya njia za kuufanya msitu uwe na thamani ukiwa umesimama.

Morogoro kwa treni

Juni 2024 treni ya umeme ya mwendokasi ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na Agosti mwaka huohuo reli hiyo ikazinduliwa rasmi hadi Dodoma. Kabla ya hapo Morogoro haikuwa safari ya siku moja kwa mwanafunzi: basi likikwama Kimara na Kibaha, saa 4 au zaidi zinakwisha njiani kwa upande mmoja. Treni hutumia chini ya saa 2.

Nauli ya daraja la kawaida kwenye treni ilipangwa shilingi 13,000. Basi, kwa kilomita 190 hivi na kiwango tulichokitaja, ni kama shilingi 9,200. Kwenda na kurudi, treni inazidi kwa takriban shilingi 7,600. Swali la haki ni je, shilingi hizo zinanunua nini? Zinanunua saa 4 au 5 za mchana. Kwa anayekwenda kulala kwa shangazi, basi linatosha. Kwa anayerudi jioni, saa hizo ndizo safari yenyewe. Bila hizo utaona stendi ya Msamvu na kurudi.

Na saa hizo zina pa kwenda. Kituo cha treni kiko Kihonda, nje kidogo ya mji, hivyo weka nauli ya daladala hadi katikati. Kutoka hapo njia ya miguu inapanda Milima ya Uluguru kuelekea Morningside, kupitia mashamba ya ndizi na mboga za Waluguru. Chukueni mwongozaji wa hapo na mwafikiane malipo mapema. Salimieni wazee njiani kama inavyostahili, maana mnapita katikati ya makazi na mashamba ya watu. Mvua ya masika ikinyesha njia huteleza, kwa hiyo Juni hadi Septemba ni nafuu.

Kuna sababu ya mwanafunzi wa Dar es Salaam kuipanda milima hiyo. Mto Ruvu unapata maji yake Uluguru, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayolisha sehemu kubwa ya jiji. Bomba la hosteli linapokauka, sehemu ya maelezo iko huku juu: miti iliyobaki kwenye vyanzo, moto wa kuandaa mashamba, na mvua. Kwa jumla safari hii inakaribia bumu la siku nne. Ifanywe mara moja kwa muhula, na ikusanyiwe kidogo kidogo.

Nini kifanyike

Tukirudi kwenye hesabu, picha inajipanga. Mjini ni bumu la siku moja. Kigamboni na Pugu ni hivyohivyo, au kuzidi kidogo. Bagamoyo na Kaole ni siku mbili pamoja na kiingilio, bajaji na chakula cha maana. Mbudya ni siku mbili hadi tatu kutegemea mmekuwa wangapi. Morogoro ni nne. Anayeweka shilingi 1,000 kila siku kutoka bumu linapoingia, ndani ya wiki tatu ana nauli ya Bagamoyo na chakula chake.

Wapo watakaosema shilingi 1,000 kwa siku ni mlo wa mtu. Ni kweli kwa baadhi, na hao wasilaumiwe. Wapo wanafunzi wasio na mkopo kabisa, na wapo wanaotuma sehemu ya bumu nyumbani. Ndiyo maana jambo hili lisiachwe kwa mtu mmoja mmoja. Serikali za wanafunzi hutumia fedha kwa bonanza na sherehe za kuwakaribisha wapya. Zinaweza kutenga sehemu ndogo kuchangia boti moja au basi moja kila mwezi, na kutoa nafasi kadhaa za bure kwa wasio nacho. Wahadhiri wa historia, jiografia, misitu na sanaa wanaweza kuandika barua ya utambulisho, ambayo mara nyingi hufungua mlango wa bei ya wanafunzi. Na taasisi zinazosimamia makumbusho, magofu na misitu zibandike bei ya mwanafunzi raia mahali inapoonekana, getini na mtandaoni, kwa Kiswahili. Mtu asiyejua bei hudhani ni kubwa na habanduki chumbani.

Jukumu la mwanafunzi ni kuanza. Wiki hii tafuta wenzako watatu, chagueni Jumamosi isiyo na mtihani wa Jumatatu, gawaneni kazi: mmoja aulize nauli, mmoja aulize kiingilio, mmoja ajue gari la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi, na mmoja aache kwa rafiki hosteli majina yenu na mnakokwenda. Anzeni na Bagamoyo, maana ndiko fedha ndogo inakoonyesha mengi. Mkirudi, andikeni kila shilingi mliyotumia na mbandike kwenye ubao wa bweni. Karatasi hiyo moja itawatoa wengi zaidi kuliko tangazo lolote la utalii, kwa sababu imeandikwa na mtu anayeishi kwa bumu lilelile.